Mwaka Niliopewa Kiti cha Wazee

Tulipomzika Mama Moraa mwezi uliopita hapa Kapkatet, nilisimama kando ya Kibet, na mama mmoja aliyekuwa nyuma yetu akaniuliza kwa sauti ya chini kama yule ni kaka yangu mkubwa. Kibet alisikia. Mkubwa ni mimi, kwa miezi minne, lakini siku hizi yeye ana upara kutoka kipajini mpaka kisogoni, na mimi bado nina nywele za kupitisha kitana, zote mvi, lakini ziko. Mchungaji akiwa katikati ya maombi, Kibet akaniinamia sikioni akasema, "Mwambie huyo mama, mwaka wa tisini na tano ni nani kati yetu alikuwa anaitwa mzee." Nikajaribu kukohoa. Kicheko kikanishinda, mabega yakatikisika, na binti wa marehemu akageuka na macho mekundu ya kulia, akatuona tulivyo, akaziba mdomo kwa leso na yeye. Sikuona aibu sana. Mama Moraa mwenyewe hakuwahi kumaliza matanga bila kuchekesha mtu jikoni. Lakini niliporudi nyumbani sikuweza kuuondoa mwaka ule kichwani, na nimeona heri niuandike kabla Kibet hajaanza kuusimulia vibaya kwa wajukuu wake.

Mama Moraa alikuwa mwenye nyumba wetu. Alitoka Kisii na mume wake, aliyekuwa mlinzi kwenye mashamba makubwa ya chai, na mume alipofariki yeye akabaki, akafungua hoteli ya chai na mandazi iliyotazama barabara, na nyuma yake akapangisha vyumba vitatu vya mbao. Kimoja tulikaa mimi na Kibet. Nikifumba macho naweza kukipanga chumba kile mpaka leo: kitanda kimoja tulichopokezana kila wiki, godoro la sakafuni la yule ambaye wiki si yake, kuta zilizobandikwa magazeti ya zamani ili upepo usipite, stovu ya mafuta ya taa juu ya kreti ya soda, na chini ya dirisha cherehani yangu ya miguu. Nilikuwa nashona sare za shule. Kibet alifanya kazi kwenye kiwanda cha chai, na akiingia mlangoni aliingia na ile harufu ya majani yanayokaushwa, mpaka blanketi zetu zikanukia chai. Jioni tulikula ugali na isagek iliyopikwa kwa maziwa, ile mboga chungu ambayo mama zetu walitulazimisha kula utotoni na ambayo sasa tuliipika wenyewe bila kuambiwa na mtu. Mama Moraa akiwa na furaha, alitupitishia sahani ya ndizi za kupikwa juu ya ukuta wa mbao uliotutenga na hoteli, kwa maana ukuta huo haukufika juu kwenye mabati. Ulipitisha kila kitu: sahani, moshi, na maneno ya watu.

Wakati huo nilijulikana Kapkatet kwa mambo mawili, nywele zangu na rovu langu. Nywele zilikuwa nyingi, nyeusi, nimezifuga juu na kuzikata bapa kama meza, na kila asubuhi nilizishughulikia kwa chanuo la mbao huku Kibet akilalamika kwamba kuna maharusi wanaojipamba kwa muda mfupi zaidi. Rovu lilianza shingoni nikiwa kijana wa shule, dogo kama limau, na kufikia miaka ishirini na nne lilikuwa limekuwa kubwa kama yai la bata. Fundi wa nguo ana njia zake. Nilijishonea mashati yenye kola ndefu za kusimama, nikafunga kifungo cha juu hata jua likiwaka, na jambo la kushangaza ni kwamba vijana wa soko wakafikiri hiyo ndiyo mitindo mipya. Walikuja mmoja mmoja wakitaka kola kama yangu. Kuna Jumapili nilikaa kanisani nikahesabu kola tisa za rovu, na rovu lilikuwa moja tu.

Emily alikuja kwangu mwishoni mwa mwaka uliotangulia, yeye na Joyce, binti wa baba yake mkubwa. Wote wawili walikuwa wamepata nafasi kwenye chuo kimoja cha ualimu na walitaka kushonewa sketi. Kwao Emily ni Kipkelion, kwao Joyce ni upande wa Mulot, lakini waliambiwa kwamba kuna fundi Kapkatet asiyeiba kitambaa. Nilipokuwa nampima Joyce, Kibet akaingia kutoka kazini, akasahau alichofuata, akaketi kwenye kreti ya soda. Emily naye alikuwa ananiangalia mimi kichwani. "Hizo nywele zote ni zako?" akauliza. Nikamwambia nyingine ni za kukodisha. Hakucheka, alifikiria kwanza, halafu akauliza ni za kukodisha kwa siku au kwa mwezi. Hapo nikajua nimepatikana. Alipoenda chuoni akaanza kuniandikia, karatasi ya mistari iliyokunjwa mara nne, habari za walimu wao na maharagwe yao, na kila barua ilimalizika kwa maneno yale yale: nisalimie hizo nywele.

Mwezi wa pili nikapasuliwa. Sitaki kukaa sana kwenye kisu, maana nililala, nikaamka, rovu likawa halipo, na shingo yangu ikawa na mstari mwembamba kama mahali pa mshono. Madaktari walifanya kazi yao vizuri sana. Waliniambia nirudi baada ya wiki sita waniangalie, na mimi, kwa ujinga wa mtu ambaye haumwi popote, sikurudi. Sare zilikuwa nyingi. Nilikuwa na shingo mpya, nilivaa mashati yaliyofunguliwa vifungo viwili, na nilijiona nimemaliza. Kufikia wiki ya mvua kubwa, asubuhi moja, chanuo likatoka kichwani likiwa limejaa. Nikalisafisha, nikachana tena, likajaa tena. Siku ya tatu Kibet akaamka kwenye godoro lake, akaokota kitu kwenye ugali wa jana, akasema, "Ndugu yangu, mimi nakupenda, lakini sitaki kukula."

Nywele zilitoka kwa miezi miwili. Hazikutoka kwa mpango, kama za wazee wanaoanzia mbele. Zilibaki vichaka hapa na pale, kavu, zikikatika ukizigusa, mpaka nikaamua kunyoa zote kwa wembe. Nyusi nazo zikapungua pembeni. Ngozi ikakauka kwa namna ambayo sijawahi kuona kwa mtu wa kwetu, ambako mvua hunyesha karibu kila alasiri. Miguu yangu ilikuwa nyeupe kama niliyekanyaga unga, na viganja vilishika kitambaa cha sare vikatoa nyuzi. Sauti ikashuka, ikawa nzito na ya kukwaruza. Nikaanza kusikia baridi mchana, nikaanza kusema polepole, nikaanza kusinzia kwenye cherehani mguu ukiwa bado unakanyaga. Mama Moraa alinitazama akasema amefuga kuku walionyonyoka kuliko mimi na wakarudi kutaga. Akashika kazi. Jumatatu alinipaka parachichi lililopondwa. Jumatano maziwa lala. Ijumaa ile jeli ya kupaka chuchu za ng'ombe wakati wa kukamua, ambayo kusema kweli ndiyo iliyosaidia ngozi kidogo, na ambayo nusu ya watu wa kwetu Bureti walikuwa wanajipaka usoni bila kukiri. Hakuniuliza ninataka nini. Alinikalisha kwenye kigoda jikoni, akanishika shingo kwa mkono mmoja kama anayetaka kuosha sufuria, na kwa mkono mwingine akafanya alivyoona inafaa, huku akipiga hadithi na wateja wake kupitia dirisha la jikoni.

Dawa ya Kibet ndiyo iliyovuka mpaka. Aliisikia kiwandani kwa mtu wa kuchoma kuni, kwamba ng'ombe akikulamba kichwa mara saba nywele zitaota, kwa sababu ulimi wa ng'ombe unafungua ngozi. Jumamosi alasiri akanipeleka kwenye zizi la Mama Moraa, akanilowesha kichwa, akaninyunyizia chumvi ya mifugo, akanipigisha magoti mbele ya ndama. Ndama alinusa. Alifikiri. Halafu akatoa ule ulimi, wa moto, wa kukwaruza kama msasa, akaanza kazi kutoka kisogoni kwenda mbele, na Kibet akasimama pembeni akihesabu kwa sauti kama mwalimu wa mazoezi. Mara ya nne ndama akaamua kwamba sikio pia lina chumvi. Mama yake akaja kuangalia ni nini kizuri hapo, naye akaanza upande wa pili. Nililia kwa kucheka. Ulikuwa mwezi wa sita, na nilikuwa sijacheka tangu chanuo lile, na nikiwa nimepiga magoti kwenye samadi kati ya ng'ombe wawili nikasikia kwamba bado mimi ni mimi. Nywele hazikuota. Lakini Mama Moraa alipotukuta alikalia ndoo yake ya maziwa akacheka mpaka leso ikamwanguka, na jioni hiyo ndizi zilizopita juu ya ukuta zilikuwa na nyama ndani.

Lakini si kwamba kila siku ilikuwa ya kucheka. Ilikuwa miaka ile ambayo mtu akikonda, au nywele zikilegea, au ngozi ikibadilika, watu hawakumwuliza anaumwa nini. Waliulizana wao kwa wao. Alasiri moja nilikuwa nimelala kitandani, ilikuwa wiki yangu, nikasikia wanawake wawili wakinywa chai upande wa pili wa mbao. Mmoja akasema, "Umemwona fundi? Ni ule ugonjwa. Angalia kichwa." Mwingine akasema ni kweli, na kwamba yeye amepeleka kitambaa cha mtoto wake kwa fundi mwingine. Nikasikia birika likiwekwa juu ya meza kwa nguvu. Mama Moraa akasema, "Huyo kijana alipasuliwa rovu. Nilimpelekea uji mimi mwenyewe, nikaona bandeji kwa macho yangu. Na hata kama angekuwa na huo ugonjwa, angekuwa bado mtoto wangu. Malizeni chai yenu." Hakuniambia neno baadaye. Alijua kabisa kwamba ukuta unasikia. Nilifunika uso kwa blanketi na kulia, kwa uchungu na pia kwa kupendwa, na kusema kweli sijui ni kipi kilikuwa kingi.

Barua za Emily nilikuwa nimeacha kuzijibu. Hilo ndilo jambo la mwaka ule ninaloona aibu nalo mpaka leo. Ilikuja moja mwezi wa tano, nikaisoma, nikafika kwenye salamu za nywele, nikaikunja. Ikaja ya pili. Ya tatu ilikuwa fupi, nusu ukurasa, na haikuwa na salamu za nywele wala za mtu yeyote. Iliuliza tu kama nimehama. Nilijiambia nitajibu nikipona. Nilikuwa na hakika kabisa, ile hakika ya kijana anayefikiri amependwa kwa kitu kimoja, kwamba akiniona hivi atanihurumia, na mimi huruma yake sikuitaka. Nilitaka kumwoa. Nilikuwa nimepanga kumwambia likizo ya mwezi wa nane, nimeshashona hata suruali ya kumwambia nikiwa nimeivaa. Sasa suruali ilining'inia kwenye msumari na mimi nilikuwa najificha.

Kwa sababu ya baridi, Mama Moraa alinipa kabuti la marehemu mume wake, lile zito la ulinzi lenye vifungo vya shaba, pamoja na kofia yake ya ukingo mpana. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mtu mwenye kabuti, kofia ya wazee, sauti ya kukwaruza na mwendo wa polepole, watu hawamwulizi miaka yake. Kanisani msichana wa shule aliinuka akanipisha. Sokoni mwanamume mwenye ndevu aliniita "mzee" akaniuliza maoni yangu kuhusu fahali wake. Nilimwambia, kwa sababu niliona uvivu kueleza, kwamba fahali ana miguu mizuri, naye akanishukuru kwa mikono miwili. Ninyi mnaosoma mtasema watu wa Kapkatet walikuwa hawaoni. Walikuwa wanaona sana. Waliona nguo, wakaona upole, na kule kwetu mtu anayesema kidogo na polepole tayari ameshaheshimiwa nusu. Daktari alinieleza baadaye mwaka huohuo, niliporudi kwake hatimaye, kwamba kile kilichotolewa shingoni ndicho kinachoupa mwili moto na mwendo, na ndiyo maana nikapoa na kukauka hivyo. Akanipa kidonge kimoja kila asubuhi, ambacho nakimeza hadi leo na chai yangu, na nywele zikarudi kidogo kidogo mpaka Pasaka iliyofuata nikahitaji chanuo. Lakini mwezi wa nane nilikuwa sijui hayo. Nilikuwa mzee wa miaka ishirini na nne.

Mwezi huo watu wa Kibet walikuwa wanakwenda kwa kina Joyce kufanya koito, yaani kuongea mambo ya uchumba wazazi kwa wazazi. Kibet alitaka nimsindikize. Nikamwuliza kama Emily atakuwa huko. "Emily yuko kwao Kipkelion," akasema, huku akifunga kamba za viatu bila kuniangalia. Kibet anakana mpaka leo kwamba alijua. Tulienda na pikap ya kukodi, baba yake na mama yake mbele, na nyuma mjomba, shangazi, Kibet, mimi na kabuti langu, tukashuka kutoka mashamba ya chai kuingia kwenye mahindi na ngano za upande wa Mulot, vumbi likituingia kila mahali. Tulipofika nilikuwa mweupe kuanzia nyusi mpaka viatu. Mzee wa nyumba, baba yake Joyce, alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye macho ya kuchekacheka. Alitusalimia mlangoni mmoja mmoja, "Chamgei," na aliponifikia mimi akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanipitisha mbele ya Kibet na mjomba wake, akaniketisha kwenye kochi la wazee chini ya kalenda, karibu na baba yake Kibet. Nilifungua mdomo. Baba yake Kibet akanikanyaga mguu. Ukikataa kiti ambacho mwenye nyumba amekupa, na mmekuja kuomba binti, umeanza kwa kumwambia hajui kupanga wageni wake. Nikaketi.

Sebule ile naikumbuka vizuri, maana niliitazama sana ili nisitazamwe. Makochi yalikuwa na vitambaa vyeupe vya kushona kwa kulabu, vimepigwa pasi mpaka vikasimama. Kibet na vijana wengine walikaa kwenye benchi mlangoni, mahali pangu. Wasichana wakaleta maji ya kunawa, halafu mursik, yale maziwa yanayogandishwa kwenye kibuyu, ule wa mwenye nyumba, mzito, wenye rangi ya majivu, na aliyekuwa akishika kibuyu na kumimina kwenye vikombe alikuwa Emily. Alimimina kwa baba yake Kibet. Akaja kwangu. Niliinamisha kofia mpaka ukingo ukafunika pua. Akasimama kidogo, kikombe changu kikajaa, kikafurika, kikamwagikia kabuti. "Samahani, mzee," akasema, kwa sauti ya msichana mwenye adabu sana. Akaondoka. Muda si mrefu nikasikia kutoka jikoni kitu kama sufuria iliyoanguka, halafu wanawake wengi wakicheka kwa pamoja na mmoja akiwanyamazisha. Mursik ule sikuusikia ladha.

Mazungumzo yakaenda vizuri mpaka yakakwama. Yalikwama kwenye chuo. Baba yake Kibet alitaka harusi kabla ya kupanda mahindi, akasema masomo yaliyobaki bibi arusi atayaona mbele ya safari. Baba yake Joyce akasema binti yake hatoki chuoni, nikamwona Kibet kwenye benchi akishika magoti yake. Wakazunguka neno hilo kama saa nzima. Mwishowe mwenye nyumba akanigeukia. "Huyu mzee wetu mwenye kabuti hajasema kitu tangu aingie," akasema. "Mimi napenda kusikia mtu ambaye hana haraka." Sikuwa na pa kutorokea. Nikasema, polepole, kwa sababu nilikuwa siwezi haraka, kwamba mwaka huu nimelala hospitali nikapasuliwa, na jioni ya siku ya kwanza muuguzi mmoja aliona bandeji yangu inalowa kabla ya mimi mwenyewe kujua. Alikuwa mke wa mtu. Kama wakwe zake wangemtoa chuoni ili awahi kupanda mahindi, mimi nisingekuwa hapa nakunywa mursik wenu. "Joyce amebakisha mihula mitatu," nikasema. "Amalize. Kibet yuko, haendi popote. Namjua, hata kitanda anasubiri zamu." Mjomba akacheka. Baba yake Kibet akakuna kidevu, akatazama sakafu, halafu akasema haya, amalize.

Sasa kwetu, wenye binti wakishakubali, mwenye nyumba huchukua mafuta ya maziwa, yale yanayotikiswa kwenye kibuyu, na kuwapaka wageni kichwani kuonyesha kwamba wamepokelewa. Hupakwa wazazi na wazee. Kijana ambaye hajaoa hapakwi, isipokuwa awe yeye ndiye amekuja kuomba. Nilikuwa nimesahau kabisa. Emily akaingia na bakuli, amelishika kwa mikono miwili, akasimama kando ya baba yake mkubwa. Mzee akasema tuvue kofia. Akampaka baba yake Kibet, akampaka mama yake, akageuka kwangu akiwa tayari amechovya kidole.

Ningeweza kunyamaza. Ningepakwa, tungekula, tungeenda. Lakini baraka ile ilikuwa ya Kibet na Joyce, na haikuwa kitu cha kuchezea, hata kwa mtu anayeficha kichwa. Nikasimama, nikavua kofia. Hewa ikanigonga kichwani, na macho yote ya nyumba ile yakapanda pale juu, kwenye ngozi tupu, yenye magamba, yenye alama ya kofia pande zote. Sikumtazama Emily. "Mzee, unisamehe," nikasema. "Mimi si mzee. Nina miaka ishirini na nne na sijaoa. Nilipasuliwa rovu, nywele zikatoka, ngozi ikakauka, na kabuti si langu. Mahali pangu ni pale kwenye benchi."

Mzee akabaki na kidole juu, mafuta yakimchuruzika mpaka kwenye saa. Alinitazama kichwa, akanitazama shingo, akainama kabisa kuutazama mshono. Halafu akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa tumbo, akalazimika kuketi, na jikoni walipomsikia wakaachilia na wao. "Maneno uliyosema juu ya chuo yalikuwa ya kweli?" akauliza alipopata pumzi. Nikasema ndiyo, yote. "Basi hayo tunabaki nayo. Lakini nimeshachovya kidole, na mimi mafuta yangu sirudishi kwenye bakuli. Na nikimpaka kijana kama wewe, nitakuwa nimempa msichana. Sasa nikupe nani?"

Watu wakacheka tena, wakidhani ni mzaha, na kwake ulikuwa mzaha. Mimi nilikuwa nimeshavua kofia. Sikuwa na kitu kingine cha kuficha. "Emily," nikasema.

Nilisikia kuku nje. Mzee akaacha kucheka, akamgeukia msichana aliyesimama kando yake na bakuli. "Mtoto wa ndugu yangu," akasema, "huyu mtu unamjua?"

"Namjua," Emily akasema. Hakuinua macho. "Ameandikiwa barua tatu na hajajibu hata moja."

"Aha. Kwa nini?"

"Aseme mwenyewe."

"Niliogopa utanihurumia," nikasema.

Hapo ndipo akaniangalia. Alikuwa amekasirika kweli, machozi yamejaa, na alinikagua kutoka kichwani mpaka kwenye viganja vyangu vilivyopasuka, bila haraka, kama mtu anayekagua sketi aliyoshonewa. Sikuona huruma mahali popote.

"Kwa hiyo nifanyeje?" mzee akauliza. "Nipeleke neno kwa baba yako Kipkelion, au nifute kidole?"

Emily akamsogezea bakuli.

"Mpake, baba," akasema. "Mpake na mikononi pia. Amekauka sana."